Usiitupe Karatasi ya Munganga

Ndugu mgonjwa, na wewe mama mwenye mtoto: ukitoka mbele ya munganga, mara nyingi unapewa vitu viwili, dawa na karatasi yenye picha. Wengi wanatunza dawa, lakini karatasi wanafungia chumvi. Kazi yake ni nini?

Maneno ya munganga unayasikia moyo ukiwa na hofu na mtoto akilia. Ukifika nyumbani, mengi umekwisha kuyasahau. Karatasi haisahau. Hata asiyejua kusoma anaweza kufuata picha, na bibi aliyebaki nyumbani ataona yale asiyoyasikia.

Tutwae mfano wa kuhara. Kuhara kunatoa maji na chumvi mwilini, na mtoto anaweza kufa upesi. Munganga anakupa pakiti ya unga wa kuchanganya na maji safi. Picha inaonyesha pakiti moja na maji lita 1. Angalia sana! Chupa kubwa ya bia haifiki lita. Inaingia sentilita 72 tu. Ukitia pakiti nzima humo, chumvi inazidi, nayo inaweza kumdhuru mtoto. Ukizidisha maji, dawa inapungua nguvu.

Picha nyingine zinafuata. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko ao kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena polepole. Usimkatize maziwa ya mama. Dawa iliyobaki baada ya saa 24, imwage, utengeneze nyingine. Vidonge vya zinki, mpe kila siku kwa siku 10 mpaka 14 kama ulivyoambiwa, hata kuhara kukikoma.

Munganga mwenye akili hatoi karatasi kimya. Anaweka kidole juu ya picha, anaeleza, kisha anauliza: «Mama, ukifika nyumbani utafanya nini?» Usione haya. Hakupimi wewe; anapima kama yeye ameeleza vizuri. Ni afadhali kukosea mbele yake, akusahihishe, kuliko kukosea jikoni usiku.

Picha za mwisho ni za hatari: macho yameingia ndani, mtoto hawezi kunywa, choo kina damu. Ukiona hata moja, rudi hospitali mara moja. Usingoje kesho.

Basi, bandika karatasi ukutani, karibu na mtungi wa maji. Mwonyeshe baba, mwonyeshe na jirani. Na usipofahamu picha fulani, uliza kabla ya kuondoka.