Mitumbwi 100,000 Iliyoachiwa Upepo

Mwaka 1973 Michael Levison, Gerard Ward na John Webb walichapisha kitabu kuhusu safari za baharini ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisafiri. Waliiingizia kompyuta takwimu za pepo na mikondo ya Bahari ya Pasifiki, eneo kwa eneo, mwezi kwa mwezi. Wakaweka mtumbwi karibu na kisiwa, wakauacha uchukuliwe na maji mpaka ufike nchi kavu, au siku ambazo binadamu anaweza kustahimili baharini ziishe. Kisha wakaweka mwingine. Walirudia zaidi ya mara 100,000.

Jambo moja tu lilibadilishwa: nahodha alinyang'anywa ujuzi wake. Bahari ilikuwa ileile na visiwa vilevile, lakini ramani ya watu iliyotoka siyo tunayoijua. Kwa kuelea tu, uwezekano wa kutoka visiwa vya Polinesia na kufika Hawaii, Rapa Nui au New Zealand ulikuwa karibu na sufuri.

Lilikuwa jibu zito. Mwaka 1956 mwanahistoria Andrew Sharp alikuwa ameandika kwamba visiwa vya mbali vilipata watu kwa bahati, wasafiri wamepotea na dhoruba imewatupa pwani ngeni. Thor Heyerdahl naye, mwaka 1947, alielea siku 101 juu ya chelezo cha Kon-Tiki kutoka Peru hadi kisiwa cha Raroia, akiamini kwamba wakazi wa kwanza wa Polinesia walitoka Amerika ya Kusini. Nadharia zote mbili ziliupa upepo sifa ya kazi iliyofanywa na watu.

Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki hapati shida kuielewa kazi hiyo. Kwetu kaskazi hukileta chombo, kusi hukirudisha. Katika Pasifiki ya tropiki, upepo wa mashariki hutawala sehemu kubwa ya mwaka, kisha huja vipindi vifupi vya upepo wa magharibi. Mwanaakiolojia Geoffrey Irwin, ambaye mwenyewe ni mbaharia, alieleza kwamba kuelekea kule unakotoka upepo wa kawaida ndiyo njia salama zaidi ya kutafuta kisiwa usichokijua. Ukikikosa, upepo huohuo utakurudisha nyumbani. Kwa hiyo nahodha alisubiri upepo wa magharibi, au akapiga bisho, huku akijua mlango wa kurudi uko wazi.

Hata hivyo Wapolinesia walisubiri sana. Samoa na Tonga zilikuwa na watu yapata miaka 2,800 iliyopita, lakini Tahiti, Marquesas, Hawaii, Rapa Nui na New Zealand zilipata wakazi wa kwanza karibu zote kati ya mwaka 1000 na 1300. Mwaka 2014 Ian Goodwin na wenzake walikadiria pepo za karne hizo, wakaona vipindi ambapo njia ngumu zililainika. Je, kama vipindi hivyo visingetokea? Naamini safari zingechelewa tu. Watu wanaojua bisho hawafungwi na upepo mmoja milele.

Swali linalonigusa zaidi ni la shambani. Kiazi kitamu asili yake ni Amerika, lakini mabaki yake yamechimbuliwa Mangaia, katika Visiwa vya Cook, na ni ya kabla ya Columbus. Mwaka 2020 vinasaba vilionyesha kwamba Wapolinesia na watu wa Amerika walichanganya damu yapata mwaka 1200. Sasa kiondoe kiazi hicho. New Zealand ni baridi mno kwa mnazi na mshelisheli, na magimbi huota kwa taabu. Wamaori walikipanda kiazi kiangazi na kukihifadhi mashimoni wakati wa baridi. Bila hicho ingekuwaje?

Hapa hatuhitaji kompyuta. Rēkohu, yaani Visiwa vya Chatham, viko yapata kilomita 800 mashariki ya New Zealand, na kiazi kitamu hakikuweza kustawi huko. Wamoriori, ndugu wa damu wa Wamaori, waliacha kilimo wakaishi kwa sili, samaki, ndege na mbegu za mti wa karaka. Idadi yao ilikuwa kama watu 2,000. Sehemu kubwa ya New Zealand ingeweza kufanana na Rēkohu.

Na kama Wapolinesia wangekwenda kukaa Amerika? Kule wangekuta nchi yenye wenyewe, ilhali visiwa vilikuwa vitupu. Sioni dola ya Kipolinesia ikisimama kwenye ufuo wa Peru. Jamaa zao wa mbali waliokwenda magharibi ndio waliopata kisiwa kikubwa: Madagaska. Hadi leo tano ni rima kwa Kimaori na dimy kwa Kimalagasi, na wataalamu wengi wanaihusisha ngalawa yetu, pamoja na mirengu yake, na mabaharia wa ukoo huo.

Miaka mitatu baada ya kitabu cha Levison na wenzake, nahodha alirudishiwa ujuzi wake. Tarehe 1 Mei 1976 chombo cha Hōkūleʻa, chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, kiling'oa nanga Hawaii. Njia aliiongoza Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, kwa nyota na mawimbi, bila dira wala ramani. Tarehe 4 Juni, baada ya zaidi ya kilomita 4,000, kiliingia bandari ya Papeete, Tahiti, na maelfu ya watu walikuwa wamejaa ufukweni kukipokea.