Laptopu Ikikuambia Betri Ni Asilimia 31, Usiiamini Haraka

Mwaka jana nilikuwa namalizia kazi ya mteja, kurasa 12. Stima zilikuwa zimepotea mtaani tangu jioni lakini sikuwa na presha, maana laptopu ilisema betri iko asilimia 31. Dakika mbili baadaye, skrini nyeusi tititi. Kurasa 4 za mwisho sikuwa nimezihifadhi. Zilienda, na nusu ya doo ikaenda nazo kwa sababu nilichelewa.

Nikaanza kujiuliza: kwani kompyuta hujuaje betri imebaki ngapi? Jibu nililipata kwa mashine iliyozaliwa kabla yangu, na pengine kabla yako.

Mwaka 1983 kampuni ya Tandy ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ya kubeba, TRS-80 Model 100, iliyoundwa na Kyocera ya Japani. Usicheke: skrini yake ilibeba mistari 8 pekee, herufi 40 kila mstari. Lakini wanahabari waliipenda sana, kwa sababu ilitumia betri 4 za AA, zile zile za rimoti, na zilidumu kama saa 20. Yako inafikisha hapo?

Mashine hiyo haikujua mambo ya asilimia. Ilikuwa na saketi ya kupima volti, basi. Volti zikishuka chini ya kiwango fulani, taa ndogo nyekundu inawaka, unajua umebakisha dakika chache. Ishara hiyo hiyo inafika pia kwa prosesa, kupitia mlango namba 216. Ukiandika INP(216) AND 128 kwa lugha ya BASIC, unasoma biti moja tu, ile ya betri. Kwa hivyo programu yako yenyewe inaweza kuuliza na kukuonya mapema uhifadhi kazi.

Lakini hata huko kuna mtego. Betri za kawaida huanza na volti 1.5 na kushuka polepole, kwa hivyo onyo linakuja na nafasi ya kupumua. Zile za kuchajiwa za NiMH hukaa karibu volti 1.2 kwa muda mrefu, halafu zinaporomoka ghafla. Taa ikiwaka, ushachelewa.

Asilimia zilikuja baadaye. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa mfumo wa APM, ambao uliwezesha programu kuuliza kama betri iko juu, chini au hatarini, na imebaki asilimia ngapi. Siku hizi chipu ndani ya betri huhesabu chaji inayoingia na kutoka, kisha inalinganisha na ujazo inaodhani betri inao. Hapo kwa "inaodhani" ndipo mimi nilipoangukia. Betri ikizeeka na hesabu ibaki ya zamani, ile 31 unayoiona ni hewa.

Sasa, kama unaenda kununua laptopu ya mtumba, usiangalie tu kama inang'aa. Kwa Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotengenezwa. Tafuta namba mbili: DESIGN CAPACITY, yaani ujazo betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo wa sasa. Ukipata 50,000 na 20,000, jua unauziwa asilimia 40 ya betri. Shusha bei au utembee.

Usiishie hapo, kwa sababu namba hizo pia zinatoka kwa chipu ile ile. Chomoa chaja hapo dukani, weka video icheze nusu saa. Asilimia zikiruka kutoka 80 hadi 50 mara moja, betri imechoka. Muuzaji akikataa ujaribu, ashakujibu.

Kuna kitu kimoja kuhusu ile Model 100 kinaniuma hadi leo. AA zikiisha, inajizima, lakini betri ndogo ndani yake inaendelea kushikilia maandishi kwa siku kadhaa. Unaweka AA mpya, unaendelea pale ulipoachia. Kurasa zangu 4 zingekuwepo.

Mpaka upate mashine ya hivyo, Ctrl na S kila aya. Bonyeza sasa hivi, kabla hujafunga ukurasa huu.