Stesheni ya Mazeras: kwa nini reli ya zamani ni turathi yetu

Treni ya Madaraka ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, watu wengi walitazama upande wa Miritini tu, kwenye stesheni mpya inayong'aa. Wachache waliuliza habari za stesheni za zamani. Wiki chache kabla ya hapo, treni ya abiria ya usiku kati ya Mombasa na Nairobi ilikuwa imefanya safari zake za mwisho kwenye reli ile nyembamba ya mita moja. Changamwe, Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu: majina ambayo abiria walikuwa wakiyahesabu moja moja yakabaki vibao tu.

Leo natazama Mazeras, palipo juu ya vilima baada ya Changamwe na Miritini, kwa sababu stesheni hiyo inatueleza mengi kuhusu bara yetu.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Kazi ya mwanzo ilikuwa kuvuka maji pale Makupa, na daraja la kwanza lilikuwa la mbao. Baada ya hapo reli ikaanza kupanda, na mpando huo wa kutoka Changamwe hadi Mazeras ulikuwa mzito. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 shirika la reli la Afrika Mashariki lilileta injini 34 za mvuke kutoka Uingereza, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi na jina la mlima. Hakuna reli ya mita moja popote duniani iliyopata kuwa na injini za mvuke kubwa kuliko hizo, nazo zilipita hapa, nyuma ya mikorosho na minazi yetu.

Stesheni ndogo ilikuwa na kazi yake. Njia ilikuwa moja, hivyo treni ya kwenda na ya kurudi zilipishana stesheni tu. Stesheni masta asipotoa ruhusa, dereva haondoki. Injini ilihitaji maji, mizigo ilihitaji kupakiwa, abiria walihitaji chakula. Palipo na kituo, soko likazaliwa: madafu, maembe, mihogo, machungwa. Mji kama Mazeras ulikua kwa kuifuata stesheni, wala si kinyume chake.

Hapo pia ndipo watu walipokutana. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli hadi Kisumu, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ukipanda zaidi hadi Mackinnon Road utaona kaburi na msikiti wa Sayyid Baghali Shah kando ya reli. Anasimuliwa kuwa alikuwa msimamizi wa wafanyakazi, na karai lake lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Mpaka leo wasafiri husimama pale kuomba dua. Na Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa walipogoma kudai mishahara ya haki, watu wa reli walikuwa ndani ya mgomo pamoja na wenzao wa bandarini. Historia ya mfanyakazi wa Pwani huwezi kuieleza ukaiacha reli.

Najua wako watakaosema: reli ni ya mkoloni, iache ife. Hoja hiyo ina uzito, maana reli ilijengwa kwa faida ya Waingereza, nao hawakuja kutuuliza. Lakini Ngome ya Yesu nayo ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, na Waingereza wakaifanya jela hadi 1958. Hatukuibomoa. Tuliichukua ikawa yetu, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kuhifadhi jengo si kumsifu aliyelijenga. Ni kukataa kusahau waliolitolea jasho.

Mazeras ina bahati nyingine. Ndiyo njia ya kwenda Rabai, ambako Krapf na Rebmann walifungua misheni katika miaka ya 1840 na ambako leo pana makumbusho. Kaya za Rabai nazo ni sehemu ya misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Kaya, makumbusho na stesheni vinaweza kuwa safari moja ya siku moja, na vijana wetu wakapata kazi ya kuongoza wageni. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu 1971. Reli yenyewe ilianzia kwetu.

Sheria ipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo la kihistoria kuwa turathi inayolindwa, baada ya kuwapa nafasi wenye pingamizi. Katiba ya 2010 nayo imezipa kaunti kazi ya makumbusho. Kinachokosekana ni sauti ya wenyeji. Jengo lisilo na kazi halikai hivyo miaka mingi: kwanza huondoka mabati, halafu vyuma, mwisho kiwanja chenyewe.

Wazee wetu walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Reli mpya ni njema, wala hatuipingi. Lakini wastaafu wa reli wanazeeka Changamwe na Mazeras, na wanayoyajua hayakuandikwa popote. Aliye na mzee kama huyo nyumbani, akae naye amrekodi. Aliye na tiketi ya zamani, picha au taa ya garadi, asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na wawakilishi wa wadi zilizo kando ya reli wapeleke ombi rasmi, stesheni hizi zikaguliwe na kuorodheshwa wakati kuta bado zimesimama.