Jinsi homoni zinavyotawala njaa, unene na ukuaji wa mwili

MWENYE njaa hana miiko, walinena wahenga. Lakini ni nini hasa kinachoizua njaa hiyo mwilini, na ni nini humwamuru mtu aondoe mkono sahanini akishashiba? Wanasayansi walitumia takriban nusu karne kulitafutia jibu swali hili, na waliyoyapata yamebadilisha kabisa jinsi suala la unene linavyoeleweka.

Kwa muda mrefu, unene wa kupindukia ulichukuliwa kuwa zao la ulafi na uvivu. Mtu mnene alikemewa, akapewa orodha ya vyakula vya kuepuka na kuagizwa afanye mazoezi. Alipokonda kisha akanenepa tena, lawama zilimrudia yeye mwenyewe. Utafiti kuhusu homoni umeonyesha kwamba hukumu hiyo ilitolewa kwa haraka mno.

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi au viungo fulani, kisha zikasafirishwa na damu hadi sehemu nyingine za mwili ambako hutekeleza kazi maalumu. Insulini, kwa mfano, hutoka kwenye kongosho na kuziwezesha seli kupokea sukari iliyo katika damu. Homoni ya ukuaji hutoka katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere.

Juu tu ya tezi hiyo kuna sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hapa ndipo habari kuhusu akiba ya chakula mwilini hupokelewa, na hapa ndipo uamuzi hutolewa iwapo mtu ahisi njaa au ashibe, na iwapo mwili utumie nguvu zake kwa wingi au uzibane.

Namna habari hizo zinavyoufikia ubongo ilianza kufichuka mwaka wa 1949. Katika maabara ya Jackson Laboratory mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walionekana panya wa ukoo mmoja ambao walikula bila kukoma hadi uzani wao ukawa mara tatu ya uzani wa wenzao. Mnamo 1966, ukoo wa pili wa panya wanene ulipatikana katika maabara hiyo hiyo, safari hii wakiwa pia na ugonjwa mkali wa kisukari.

Mtafiti Douglas Coleman, mzaliwa wa Canada, aliamua kuwaunganisha panya hao wawili wawili kwa upasuaji ili damu ya mmoja iwe ikimfikia mwenzake. Alipomuunganisha panya wa ukoo wa pili na panya wa kawaida, yule wa kawaida aliacha kula na hatimaye akafa kwa njaa, ilhali chakula kilikuwa mbele yake.

Alipowaunganisha panya wanene wa koo hizo mbili, yule wa ukoo wa kwanza ndiye aliyesusia chakula akafa. Mwenzake aliendelea kula na kunenepa kana kwamba hakuna lililotendeka.

Coleman alihitimisha kwamba damu ya panya wa ukoo wa pili ilijaa kemikali ya kuleta shibe, ila ubongo wao haukuweza kuitambua. Wale wa ukoo wa kwanza walikuwa na ubongo uwezao kuitambua, lakini miili yao haikuitengeneza kamwe. Wenzake wengi walimtilia shaka, kwani wakati huo iliaminika kwamba ulaji huongozwa na tabia na hiari ya mtu.

Ushahidi kamili ulipatikana mnamo Desemba 1994. Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wameigundua jeni iliyoharibika katika panya wa ukoo wa kwanza. Jeni hiyo huziagiza seli za mafuta kutengeneza homoni ambayo mwaka uliofuata ilipewa jina leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba.

Ugunduzi huo uliwashangaza wengi kwa sababu mafuta ya mwilini yalidhaniwa kuwa ghala tu la akiba. Sasa ilidhihirika kwamba ghala hilo huutumia ubongo ujumbe kila wakati. Mafuta yakiongezeka, leptini huongezeka katika damu na hamu ya chakula hupungua. Mafuta yakipungua, leptini hushuka na njaa hupanda.

Je, hali ni hiyo hiyo kwa binadamu? Jibu lilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1997. Kundi la watafiti wakiongozwa na Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi waliwachunguza watoto wawili, binamu wa familia yenye asili ya Pakistan. Msichana mwenye umri wa miaka minane alikuwa na uzani wa kilo 86, na mvulana wa miaka miwili kilo 29. Wote wawili hawakuwa na leptini.

Watoto hao walikuwa wamezaliwa na uzani wa kawaida, lakini baada ya miezi michache tu njaa yao haikuwa na kikomo. Mtoto kama huyo hulia akinyimwa chakula na hukitafuta popote kilipofichwa, huku majirani wakidhani wazazi wameshindwa kumlea.

Msichana huyo alipoanza kudungwa sindano za leptini, hamu yake ya chakula ilishuka upesi. Kwa mujibu wa ripoti iliyochapishwa mwaka wa 1999, alipunguza kilo 16.4 katika muda wa miezi 12. Hakuna aliyemhimiza ajinyime chakula. Alipungua kwa sababu ubongo wake ulipata ujumbe ambao ulikuwa haujawahi kuupata tangu azaliwe.

Habari hizo zilizua matumaini kwamba dawa ya unene imepatikana. Waama, kampuni ya Amgen ilikuwa tayari imelipa dola milioni 20 ili ipate haki ya kutumia ugunduzi wa Friedman. Lakini majaribio yalionyesha kwamba watu wengi wanene hawakosi leptini. Badala yake, wanayo kwa wingi kwa sababu wana mafuta mengi, ila ubongo wao umekuwa mzito wa kuisikia. Kuwaongezea leptini kuliwasaidia kidogo tu.

Watafiti walilazimika kuuliza upya kazi halisi ya homoni hii. Mnamo 1996, Rexford Ahima, aliyesomea udaktari nchini Ghana, pamoja na wenzake walionyesha kwamba leptini ikishuka wakati wa njaa, mwili mzima hujifunga mkanda. Homoni za tezi ya koo ambazo huharakisha matumizi ya nguvu hupungua, na zile za uzazi vilevile. Panya walionyimwa chakula huku wakipewa leptini hawakupatwa na mabadiliko hayo kwa kiwango kile.

Inaonekana basi kwamba jukumu kubwa la leptini ni kuuonya mwili kwamba akiba inakaribia kuisha. Kwa binadamu aliyeishi miaka mingi akitegemea mavuno yasiyo na hakika, onyo hilo lilikuwa kinga dhidi ya kifo. Kwa mtu wa leo anayejitahidi kukonda, onyo hilo hilo huwa kizingiti: kila kilo anayoipoteza huufanya ubongo udhani kuna baa la njaa.

Mbali na leptini, tumbo nalo lina sauti yake. Mnamo 1999, watafiti wa Japan, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua homoni iitwayo grelini, ambayo hutengenezwa hasa tumboni. Homoni hii huongezeka kabla ya chakula, huamsha njaa, na wakati uo huo huichochea tezi ya pituitari kutoa homoni ya ukuaji. Njaa na ukuaji, kumbe, vimefungamana.

Ufungamano huo huonekana wazi kwa mtoto mwenye utapiamlo. Kwa kawaida, homoni ya ukuaji huliamuru ini kutengeneza homoni nyingine, IGF-1, ambayo husaidia kurefusha mifupa. Mtoto asipopata chakula cha kutosha, homoni ya ukuaji huweza kuwa nyingi katika damu, lakini ini huwa halitii tena amri yake. IGF-1 hushuka na mtoto huacha kurefuka. Mwili wake umeahirisha kukua ili kwanza uendelee kuishi.

Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulipata kuwa watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hivyo basi, elimu kuhusu homoni haiwahusu wanene pekee. Mfumo ule ule unaomzuia mtu mzima kukonda ndio unaomzuia mtoto mwenye njaa kukua.

Katika miaka ya karibuni, homoni nyingine imegonga vichwa vya habari. Hii ni GLP-1, inayotoka kwenye utumbo baada ya mtu kula. Huchochea insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni na huupelekea ubongo habari za shibe. Dawa ya semaglutaidi, ambayo huiga kazi yake, ilibuniwa kwa ajili ya kisukari, na mnamo 2021 ikaidhinishwa nchini Marekani kutumiwa kupunguza unene.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka huo, watu waliodungwa dawa hiyo walipunguza karibu asilimia 15 ya uzani wao, kwa wastani, katika wiki 68. Hata hivyo, walioiacha walirejesha takriban thuluthi mbili ya uzani waliopoteza katika muda wa mwaka mmoja. Aidha, dawa hiyo huweza kusababisha kichefuchefu, kutapika na kuharisha.

Mnamo Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliijumuisha semaglutaidi katika orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Bei yake ingali juu kwa wengi, na penye bei ya juu matapeli hawakosi. Juni 2024, WHO ilionya kuhusu semaglutaidi bandia zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Anayeuziwa dawa ya kukonda mtandaoni au mtaani bila cheti cha daktari hana budi kujiuliza ni nini kilichomo ndani ya chupa.

Haya yote hayamaanishi kwamba chakula bora na mazoezi havina faida. Vyote viwili huimarisha moyo na kusaidia kudhibiti sukari hata pale uzani usipopungua sana. Kinachofaa kuachwa ni kejeli, pamoja na mbinu za kujinyima chakula ghafla ambazo huufanya mwili ujihami kwa njaa kali zaidi.

Kwa upande wa wazazi, kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki kina mchoro wa kufuatilia uzani na urefu. Mstari wa mtoto ukianza kulala wakati wenzake wanapanda, au ukipaa ghafla tangu uchanga huku njaa yake ikiwa haitulizwi, huo ni wakati wa kumwona daktari. Yamkini mtoto huyo hana ukaidi wala uroho wowote. Ni homoni zake zinazohitaji kuchunguzwa.