Kupamba Sherehe ya Idd ya Watoto kwa Gharama Ndogo



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na walezi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi, kila inapokaribia Idd huwa tunaandaa sherehe ya watoto hapa madrasa. Watoto husoma kaswida, hushindana kujibu maswali ya dini, hula pilau na kupewa zawadi ndogo ndogo. Katika makala haya tumekusudia kueleza jambo moja tu la sherehe hiyo, nalo ni mapambo: yafanywe vipi yapendeze, bila kumuumiza mzazi mwenye kipato kidogo.

Kosa letu walimu

Tuanze kwa kukiri kosa. Mwaka mmoja sisi walimu tuliona tuipambe sherehe kama zinavyopambwa harusi za mjini. Tukapatana na mpambaji alete vitambaa vya satini, maputo na maua ya plastiki, kisha kila mtoto tukamwandikia mchango wa shilingi 3,000. Watoto walikuwa 70. Siku ilipofika palipendeza kwelikweli, lakini tulipoita majina ya zawadi tukaona watoto 6 hawapo. Tukadhani wanaumwa.

Wiki iliyofuata alitujia bibi mmoja anayemlea mjukuu wake yatima. Alikaa barazani, akapokea maji, kisha akauliza kwa upole: “Maalim, siku hizi Idd nayo ina kiingilio?”

Hatukuwa na jibu. Hakuna mwalimu aliyesema kuwa asiyelipa asije. Lakini tulikuwa tukisoma majina ya wasiolipa mbele ya darasa kila jioni, na mtoto aliyetajwa hivyo mbele ya wenzake hana haja ya kufukuzwa. Hubaki nyumbani mwenyewe. Tulikwenda kwa wazazi na walezi wa watoto wale 6 kuomba radhi, na tangu mwaka ule hatujachangisha tena pesa ya mapambo.

Kwa nini jambo hili ni zito huku kwetu

Kwanza, Waislamu wa huku ni wachache. Mtoto wa Unguja akitoka nje siku ya Idd hukuta mji mzima umebadilika, na jioni hupelekwa viwanjani kama Mnazi Mmoja akafurahi na wenzake. Mtoto wa Bariadi akivuka barabara hukuta soko linaendelea na shughuli zake kama siku nyingine. Kwa hiyo uwanja wa madrasa ndio mahali ambapo macho yake yataiona Idd. Tukimkosesha hapo, ameikosa.

Pili, pesa ya huku ina majira yake. Mkoa wetu wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unategemea sana pamba, na msimu wa kuuza pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Idd nayo hufuata mwezi mwandamo, hivyo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2019 Idd el-Fitri iliangukia mwanzoni mwa Juni, wakati pamba inauzwa. Mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, pamba ikiwa bado shambani na akiba ya nyumbani imepungua. Shilingi 3,000 ya Juni na shilingi 3,000 ya Machi si kitu kimoja kwa mkulima.

Mafunzo ya dini yetu

Wako wanaosema tuache mapambo kabisa. Hatuoni hivyo. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31 na 32, Allah (s.w.) ametuamrisha kujipamba, akawakemea wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja wake, na hapo hapo akakataza israfu. Yote mawili yamewekwa pamoja ili tusichukue moja tukaacha jingine. Siku ya Idd Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze mchezo wao wa mikuki msikitini, na Bibi Aisha (r.a.) akitazama. Furaha ya Idd, basi, ni jambo la kuonekana.

Tuna funzo jingine katika nyumba ya Bibi Aisha (r.a.). Alitundika pazia lenye picha za viumbe, na Mtume (s.a.w.) hakuridhika nalo. Kitambaa kile hakikutupwa. Kilikatwa kikafanywa mito ya kuegemea. Hapa tunajifunza mambo mawili: kuchagua michoro inayofaa, na kwamba kitu kilichokosa kufaa hapa huweza kufaa pale. Kwa sababu hiyo sisi hatutundiki picha za watu wala wanyama. Tunatumia miezi, nyota, majani na maandishi. Pia ukuta wa kibla tunauacha mtupu, ili atakayeswali asishughulishwe na rangi.

Namna ya kupamba

1. Chagua sehemu chache. Usijaribu kupamba uwanja mzima. Chagua sehemu 3: mlango wa kuingilia, ukuta ulio nyuma ya wasomaji wa kaswida, na mahali watoto wanapokalia. Watoto wengi hukaa kwenye mkeka, kwa hiyo kinachotundikwa juu sana hawakioni vizuri. Pamba kwa kimo cha macho yao.

2. Minyororo ya karatasi. Chukua karatasi zilizotumika za ukubwa wa A4. Kila moja ikatwe kwa upana wake iwe vipande vya sentimita 3. Utapata vipande 9. Kunja kipande kiwe pete, gundisha ncha zake, kisha pitisha kipande cha pili ndani ya pete hiyo nacho ukigundishe, na uendelee hivyo. Karatasi 20 hivi hutoa mnyororo wa mita 10. Watoto wa darasa la alifu hufanya kazi hii vizuri kuliko sisi watu wazima. Lakini tahadhari: usikate kurasa za juzuu, wala daftari lililoandikwa aya au jina la Allah, kwani vipande huanguka chini vikakanyagwa. Mwalimu azikague karatasi zote kabla ya mkasi kuanza.

3. Gundi ya kupika. Koroga vijiko 4 vya unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabuje yaishe. Mimina kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka, ukikoroga bila kuacha, mpaka uwe uji mzito. Upoe, kisha utumie kwa kidole. Unga wa muhogo nao unafaa. Pika wa siku hiyo tu, maana ukilala huchacha na kuita wadudu.

4. Nyota ya pembe nane. Kata miraba miwili iliyo sawa kutoka karatasi ya manila, ya rangi mbili tofauti. Weka mmoja juu ya mwingine, kisha uuzungushe wa juu mpaka pembe zake ziangukie katikati ya pembe za ule wa chini, ugundishe. Nyota hiyo ndiyo iliyopamba kuta za misikiti na madrasa kutoka Moroko hadi Uajemi kwa karne nyingi. Mtoto wa Bariadi naye anaweza kuitengeneza kwa dakika 5.

5. Khanga za mama zetu. Hakuna kitambaa cha kukodi kinachoishinda khanga kwa rangi. Khanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, hivyo doti 5, yaani khanga 10, zikipangwa kwenye kamba zinafunika mita 15 za ukuta. Tunaziazima kwa jioni moja. Kila khanga ifungwe uzi wenye karatasi ya jina la mwenyewe, itundikwe kwa pini za nguo na si kwa misumari, na irudishwe siku ya pili ikiwa imefuliwa. Jambo la mwisho, soma jina la khanga kabla hujaitundika! Khanga nyingine zimeandikwa mafumbo ya kurushiana majirani, na si vizuri mgeni rasmi akae chini ya maneno ya ugomvi.

6. Pamba yetu wenyewe. Pamba ni mali ya huku, na weupe wake unapendeza sana juu ya karatasi ya rangi. Andika IDD MUBARAK kwa penseli kwenye manila, paka gundi ndani ya herufi, kisha bandika pamba iliyotolewa mbegu. Ukitaka rangi, ichemshe pamba kwanza kwa maji ya sabuni, kwa sababu pamba inayotoka shambani ina mafuta yake ya asili na haishiki maji upesi. Kisha ichemshe kwa manjano ya kupikia na uianike kivulini. Rangi hiyo hufifia juani.

Hapa tunatoa tahadhari 3. Pamba ni mazao ya mtu. Usichume shambani kwa jirani bila ruhusa ukasema ni kwa ajili ya Idd. Usihifadhi miti ya pamba kwa mapambo ya mwaka ujao, kwa sababu wakulima wanatakiwa kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Na pamba hushika moto haraka, basi isikae karibu na mshumaa, kibatari wala jiko la pilau.

7. Maua na majani. Chupa tupu za maji zikikatwa shingo na kuvishwa karatasi huwa vyombo vizuri vya maua. Maua yachumwe asubuhi ya siku yenyewe na yawekwe majini mara moja. Matawi ya mwarobaini yakifungwa mlangoni huleta kijani na kivuli.

8. Maputo yawe machache. Jua letu huyapasua, na kipande cha puto lililopasuka kinaweza kumpalia mtoto mdogo akakosa pumzi. Tunatumia 10 tu, tunayatundika kivulini pasipofikiwa na watoto wadogo, na likipasuka moja tunaokota vipande hapo hapo.

9. Tusirudi kwenye mifuko ya plastiki. Zamani tulikuwa tukikata mifuko ya rangi tukapata vishada vya kutundika. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019. Vishada vya karatasi vinafanya kazi ile ile, na vikichakaa havibaki shambani wala tumboni mwa ng'ombe.

Hesabu yetu

Mwaka ule wa mpambaji, watoto 64 waliolipa walitoa jumla ya shilingi 192,000, zote zikaishia kwenye vitu vilivyorudi kwa mwenyewe jioni ile ile. Sherehe yetu ya karibuni ilikuwa hivi:

Karatasi 5 za manila: 5,000
Unga wa ngano nusu kilo: 1,000
Kamba: 2,000
Manjano: 500
Maka peni: 1,000
Maputo 10: 2,000
Jumla: shilingi 11,500

Bei hubadilika kwa majira na mahali, lakini tofauti haifichiki. Fedha hizo zilitoka kwenye kisanduku cha madrasa. Kamba, nyota na herufi za pamba tumezihifadhi kwenye boksi, na mwaka ujao hatutazinunua tena In shaa Allah.

Mchango wa kila mtoto

Badala ya pesa, sasa kila mtoto huombwa alete kitu kimoja: karatasi iliyotumika, chupa tupu, ua, tawi, au khanga ya kuazima. Asiye na chochote huleta mikono yake. Hatuandiki nani kaleta nini. Siku 3 kabla ya Idd, baada ya swala ya alasiri, wote hukaa mkekani wakakata na kugundisha. Wakubwa husimamia mikasi, na wadogo hupewa gundi.

Yule mjukuu wa bibi alikuja mwaka uliofuata. Aliletewa na bibi yake pamba kidogo ndani ya kitambaa, akakaa na wenzake wawili wakabandika herufi za IDD. Herufi D moja ilikaa upande, na hatukuirekebisha. Siku ya sherehe alisimama chini yake akawaonyesha wageni, hata majirani zetu wasio Waislamu waliokuja kula pilau pamoja nasi, akisema: “Hii tumetengeneza sisi.”

Ndugu wazazi, pambo la Idd la watoto ni watoto wenyewe kuwepo wote. Mengine yote ni ya kuongezea. Kamati yoyote inayoandaa sherehe, iwe ya Idd, ya kuhitimu juzuu au ya Maulid, ijiulize kwanza kabla ya kupanga mchango: ni mtoto gani atakayebaki nyumbani kwa ajili ya jambo hili? Akipatikana hata mmoja, mapambo hayo ni ghali mno kwetu.

Tunamuomba Allah (s.w.) azikubali funga zetu na swala zetu, awarehemu wazazi wa mayatima wetu, na atukutanishe tena katika Idd nyingine tukiwa wazima.

Wabillahi tawfiiq.