Yasmini Ipogolewe Lini?



Yasmini iliyopanda juu ya ukumbi wetu wa chakula ina marafiki na maadui. Marafiki huipenda kwa harufu yake ya usiku. Maadui husema kwamba majani yake huziba mfereji wa paa unaopeleka maji ya mvua tangini, kwa hiyo ing'olewe. Hoja yao si ya mchezo, maana hapa Nyamuswa maji ya kiangazi huhesabiwa kwa ndoo. Lakini kabla hatujashika shoka, yafaa tujue kwamba mmea huu waweza kukaa bila kutudhuru, mradi upogolewe kwa wakati wake.

Kwanza tuulize: ua hutoka wapi? Mkahawa, kama wajuavyo wakulima wa Tarime, huzaa katika matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Kwa sababu hiyo mkulima huvuna kwanza, ndipo apogoe. Akitangulia kukata, hutupa mavuno yake pamoja na matawi.

Yasmini yetu ni kinyume. Hii ni ile yasmini ya pwani, ambayo Unguja matumba yake huchumwa jioni kabla hayajafunuka, yakafungwa pamoja na mrehani kuwa vikuba vya akina mama. Majani yake ni mapana, yang'aayo, nayo aghalabu hukaa mawili mawili yakielekeana. Maua yake hutokea kwenye ncha za machipukizi mapya. Ndiyo sababu yasmini isiyopogolewa hujaa vijiti vikavu ndani, na maua yake machache huwa juu kabisa.

Wakulima wa Tamil Nadu, kusini mwa India, wanaouza maua haya sokoni, hukata vichaka vyao mwishoni mwa Novemba, mpaka kimo cha sentimita 50 hivi. Sisi hatuna haja ya kukata chini hivyo, kwa kuwa yetu yapanda ukutani. Wala tusiige mwezi wao, kwani mvua zao si zetu. Kwetu vuli huanza kama Oktoba, masika ni Machi hadi Mei, na kati ya Juni na Septemba ni kiangazi. Basi wakati mzuri wa kupogoa ni nusu ya pili ya Septemba. Mvua zikianza, mmea hutoa machipukizi yenye nguvu, na mfereji wa paa huwa umekwisha kusafishwa kabla ya tone la kwanza.

Desturi ya shule nyingi ni kufyeka mwezi wa Juni na Desemba, kabla ya kufunga. Kwa majani ya uwanjani si vibaya, lakini kwa yasmini ni hasara. Ikikatwa Juni, machipukizi huchomoza wakati wa ukame, yakanyauka au kuliwa na mbuzi. Ikikatwa Desemba, matumba huondoka pamoja na matawi.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Safisha mkasi na kuunoa. Panga hupasua tawi na kuacha kidonda kibaya.
2. Ondoa kwanza matawi makavu, yenye ugonjwa, na yanayosuguana.
3. Fupisha yaliyobaki kwa theluthi moja, ukikata juu kidogo ya jicho la tawi.
4. Kata kila tawi linalofikia bati. Acha nafasi ya mkono mmoja chini ya mfereji.
5. Weka samadi iliyooza kuzunguka shina, isiliguse.

Baada ya kila kundi la maua kwisha, punguza ncha tu.

Mwenye yasmini nyumbani aitazame kwanza. Ipo nyingine yenye vijani vidogo vitano hadi saba katika kikonyo kimoja, na matumba ya rangi ya waridi. Hiyo huchanua katika matawi ya zamani, kwa hiyo ipogolewe mara tu maua yanapokwisha, kama mkahawa.

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka Novemba, mtihani ukiisha. Septemba ya mwakani itawakuta ninyi mnaotufuata. Mkiifanya kazi hii kwa alasiri mbili, tangi litapata maji yake na ukumbi utabaki na maua yake. Mkiiacha, wenye shoka watakuwa na haki ya kusema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne