Fremu ya kaboni: Pima mwili kabla ya kupima mfuko

MWENDESHAJI baiskeli aliyedunduiza fedha kwa miaka miwili ili anunue fremu ya kaboni ana kila sababu ya kuchangamka siku inapomfikia. Hata hivyo, furaha hiyo huweza kugeuka majuto kabla ya mwezi kwisha. Mgongo huanza kuuma, viganja hufa ganzi, shingo hukakamaa, na safari ya kilomita 80 iliyokuwa burudani huwa adhabu.

Mara nyingi kosa si la kaboni wala si la bei. Fremu huwa nzima kabisa, ila haimwafiki aliyeinunua.

Suala hili lina uzito wa aina yake nchini Kenya, ambako si ajabu mtu kununua fremu ya mtumba au kuiagiza kupitia intaneti bila kupata fursa ya kuijaribu barabarani. Anayekosea huwa amepoteza akiba yake, na kuirejesha fremu ng'ambo huweza kumgharimu kiasi cha kumkatisha tamaa.

La kutia moyo ni kwamba kosa hilo huepukika. Kinachohitajika ni kufahamu vipimo vichache ambavyo kampuni nyingi huviorodhesha wazi, lakini wanunuzi huvipita mbio wakikimbilia rangi na uzani.

Umbo haliongezewi bei

Mmarekani Greg LeMond aliposhinda mashindano ya Tour de France mwaka wa 1986, aliendesha baiskeli ya kampuni ya Look ya Ufaransa iliyoundwa kwa mabomba ya kaboni. Enzi hizo fremu ya aina hiyo ilikuwa kitu cha mabingwa na matajiri.

Tangu hapo, viwanda vya Taiwan na China vimeieneza kaboni hadi ikawafikia waendeshaji wa kawaida. Leo kampuni kubwa huunda fremu moja kwa viwango kadhaa vya bei.

Tofauti ya viwango hivyo aghalabu haimo katika umbo. Trek ilipotoa baiskeli zake za Émonda za mwaka wa 2021, fremu ya SL ya bei nafuu na ile ya SLR ya bei ghali zilikuwa na vipimo vile vile. Mnunuzi wa SLR alilipia nyuzi bora za kaboni na wepesi wa gramu mia kadhaa.

Hii ina maana kwamba asiye na fedha nyingi anaweza kukaa kwenye baiskeli sawasawa na tajiri. Kinyume chake pia ni kweli: fremu ghali isiyomfaa mtu haitamfaa kwa sababu tu ni ghali.

Nambari inayopotosha

Wanunuzi wengi huanza na saizi: 52, 54, 56 na kadhalika. Zamani nambari hiyo ilikuwa na maana bayana. Ilikuwa urefu, kwa sentimita, wa bomba linalobeba tandiko.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati kampuni ya Giant ilipoleta barabarani baiskeli ya TCR iliyobuniwa na Mwingereza Mike Burrows. Bomba lake la juu liliteremka kuelekea nyuma, na badala ya saizi nyingi, fremu chache ziliwatosha watu wa miili mbalimbali kwa kubadilisha urefu wa nguzo ya tandiko na wa shingo ya usukani.

Kampuni nyingine zilifuata mtindo huo wa bomba la mteremko. Tangu hapo, 56 imebaki kuwa jina tu. Fremu ya 56 ya kampuni moja huweza kuwa ndefu kuliko ya 56 ya kampuni nyingine, na hata fremu mbili za kampuni moja zikatofautiana.

Vipimo viwili vya msingi

Ili kuondoa utata huo, watengenezaji waligeukia vipimo viwili ambavyo kampuni ya Cervélo ya Kanada ilichangia pakubwa kuvieneza. Madukani huitwa staki na richi. Kwa Kiswahili, cha kwanza chaweza kuitwa kimo cha fremu, na cha pili mnyoosho.

Vyote viwili huanzia katikati ya ekseli kuu, ile inayobeba mikono ya pedali. Kimo ni umbali wa kwenda juu, wima, hadi usawa wa ncha ya bomba la mbele ambamo usukani huingia. Mnyoosho ni umbali wa kwenda mbele, mlalo, hadi ncha hiyo hiyo.

Kimo hueleza usukani utakuwa juu kiasi gani, nao mnyoosho hueleza mwendeshaji atajinyoosha kiasi gani kuufikia. Tandiko halihusiki hapa, na ndiyo sababu vipimo hivi havidanganyi kwa urahisi.

Émonda ya 2021 ya saizi 56, ambayo ni ya mashindano, ina kimo cha milimita 563 na mnyoosho wa milimita 391. Domane ya kizazi chake, ambayo ni ya safari ndefu, kwa saizi iyo hiyo ya 56 ina kimo cha 591 na mnyoosho wa 377. Kampuni ni moja na nambari ni moja, lakini usukani mmoja uko karibu sentimita tatu juu ya mwingine.

Kwa kutazama haraka, mtu angesema Domane ni fupi kwa milimita 14. Hesabu hiyo haijakamilika. Bomba la mbele huinama kuelekea nyuma, kwa hivyo kila usukani unaponyanyuliwa kwa pete za milimita 10, pia hurudi nyuma kwa takriban milimita tatu.

Émonda ikiongezewa pete hadi ifikie kimo cha Domane, yaani milimita 28, mnyoosho wake hupungua kwa takriban milimita nane na kuwa 383. Tofauti halisi basi ni milimita sita pekee. Fremu mbili hulinganishwa kwa haki pale tu kimo chao kinaposawazishwa kwanza.

Haina maana kwamba pete ni dawa ya kila kitu. Watengenezaji huweka kikomo cha pete zinazoruhusiwa juu ya bomba la kaboni, kwani zikizidi bomba hilo hulemewa. Ni salama zaidi kununua fremu yenye kimo cha kutosha tangu mwanzo.

Urefu mmoja, miili miwili

Chati za maduka humwuliza mteja urefu wake, kisha humpa saizi. Kasoro ya chati hizo hudhihirika watu wawili wenye urefu wa sentimita 178 wanapolinganishwa, mmoja akiwa na miguu ya sentimita 86 na mwenzake 81, ikipimwa kutoka sakafuni hadi kwenye msamba bila viatu.

LeMond alitangaza kanuni mashuhuri, inayohusishwa pia na mkufunzi wake Cyrille Guimard, ya kuzidisha kipimo hicho kwa 0.883 ili kupata umbali wa kutoka ekseli kuu hadi juu ya tandiko. Si sheria ya mwisho, bali ni pa kuanzia. Kwa kanuni hiyo, wa kwanza ataweka tandiko kwenye sentimita 75.9 na wa pili kwenye 71.5.

Wakipewa fremu moja, yule wa miguu mirefu atakuwa na tandiko lililo juu ya usukani kwa zaidi ya sentimita nne kuliko mwenzake. Isitoshe, maadamu urefu wao ni sawa, kiwiliwili chake ni kifupi. Atalazimika kuinama sana na papo hapo kujinyoosha mbali. Huyo anahitaji fremu yenye kimo kikubwa na mnyoosho mfupi, ilhali mwenzake huweza kustarehe kwenye fremu ya mashindano.

Chati ya duka ingewauzia wote wawili 56.

Hila ya bomba la juu

Baadhi ya orodha bado hutegemea urefu wa bomba la juu. Kipimo hicho si kibaya, lakini hutegemea pembe ya bomba la tandiko.

Iwapo fremu mbili zina bomba la juu la sentimita 55, moja ikiwa na pembe ya digrii 73 na nyingine 74, hazilingani. Ile ya digrii 74 imelisogeza tandiko mbele. Mwendeshaji akilirudisha mahali panapofaa magoti yake, atagundua kwamba usukani umemkimbia kwa takriban sentimita moja. Jambo hili huwaathiri hasa watu wafupi, kwa kuwa fremu ndogo aghalabu hupewa pembe kali.

Wengi hujaribu kutatua tatizo la usukani ulio mbali kwa kulisukuma tandiko mbele. Mafundi wazoefu hukataza, kwani hilo ni kuhamisha maumivu kutoka mabegani hadi magotini. Tandiko hupangwa kwa ajili ya miguu kwanza, kisha usukani hufuata kwa kubadilisha shingo yake.

Shingo ya milimita 100 yaweza kubadilishwa kwa ya 90 bila taabu. Ikibidi kushuka hadi 60 au 70, hiyo ni ishara kwamba fremu ni kubwa mno.

Tabia barabarani

Fremu ikishamkaa mtu, ndipo aulize itakavyokwenda. Émonda iliyotajwa ina milimita 983 kati ya ekseli ya gurudumu la mbele na la nyuma, na Domane ina 1,010. Fupi huwa nyepesi kugeuka penye kona na katika kundi la washindani, ilhali ndefu hutulia kwenye mteremko na barabara yenye matuta.

Kuna pia nafasi ya tairi. Émonda hiyo inaruhusu tairi za upana wa milimita 28, Domane hadi 38. Kwa anayepita lami iliyochimbika na kumalizia safari kwenye vumbi la kijijini, tofauti hiyo yaweza kuwa na maana kuliko gramu mia za uzani.

Utepe na ukuta

Njia ya uhakika ya kuchagua ni kuanzia baiskeli ambayo tayari inamstarehesha mtu, hata ikiwa ni ya chuma na kuukuu. Isimamishwe wima kwenye sakafu tambarare, gurudumu la nyuma likigusa ukuta.

Upimwe umbali kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli kuu, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya ncha ya bomba la mbele. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mnyoosho. Kisha vipimwe vimo vya sehemu hizo mbili kutoka sakafuni. Tofauti yake ndiyo kimo cha fremu. Utepe wa fundi cherehani unatosha.

Nambari hizo mbili, pamoja na urefu wa shingo na idadi ya pete, ndizo za kubeba sokoni. Muuzaji wa fremu isiyo na jina asiyeweza kutaja kimo na mnyoosho wake hastahili kupewa fedha hadi azipime.

Kwa fremu ya mtumba, kuna la ziada. Bomba la uma wa mbele linalopanda hadi kwenye usukani hukatwa kulingana na mwili wa mmiliki wa kwanza. Likishakatwa halirefushwi, na pete haziwezi kuongezwa. Fremu ambayo kwenye karatasi ina kimo cha kufaa huweza kuwa bure kwa anayehitaji usukani wa juu, labda anunue uma mpya. Picha ya bomba hilo, na kipimo chake, viombwe kabla ya malipo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la fremu za kaboni, hata kizuri huweza kumwendea asiye wake. Mwendeshaji aliyeujua mwili wake kwa milimita ndiye atakayetambua kipi chake, na akiba yake ya miaka miwili ikampeleka mbali anakotaka.